Hisa za Ngusa, Mitamba ya Jilala

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni tu. Baba yangu naye alicheka, halafu akauliza kiinua mgongo kiko wapi. Nilipomwambia kwamba wakala wa kamisheni hana kiinua mgongo, akaacha kucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wakala wa dalali wa soko la hisa. Dalali yuko Dar es Salaam, tawi lake liko Mwanza, na mimi nilikuwa Bariadi, kwenye kona niliyopanga ndani ya duka la pembejeo, katikati ya mabomba ya kupulizia pamba na magunia ya mbegu. Mteja alikuwa anaingia anataka dawa ya wadudu, anatoka amefunguliwa akaunti ya hisa. Wengine walirudi kesho yake kuuliza hiyo akaunti inachanganywa na maji kiasi gani.

Sasa meza hiyo mnaikalia ninyi, vijana kuliko mimi, na nimeombwa niwaandikie nilichojifunza. Sitaanzia mwanzo, kwa sababu mwanzoni sikujua kitu. Nilitoka chuo kikuu na digrii ya takwimu na tabia moja mbaya: kila nilichoambiwa niliuliza, "Umejuaje?" Tabia hiyo iliniachisha na mchumba mmoja na kunikosanisha na mchungaji wa kanisa letu. Ndiyo hiyo hiyo iliyoniwezesha kuifanya kazi hii miaka yote hiyo bila kuchomewa meza.

Mambo madogo kwanza. Msiende vijijini wakati wa kupalilia, mtapewa jembe. Msiende siku pamba inapolipwa. Siku hiyo kila mtu anamkwepa kila mtu, na ninyi mtaonekana kama wadai wengine. Nendeni wiki chache baadaye, wakati pesa iliyobaki imeshaanza kumwasha mwenyewe. Msivae tai. Nilivaa tai siku moja nikiwa Migato, na watoto wakakimbia wakidhani nimekuja kuchanja. Na mkiulizwa swali msilolijua, semeni hamjui. Hilo nitalirudia, maana limeniletea wateja kuliko kalenda zote za bure tulizogawa.

Swali mtakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ningenunua zamani, leo ningekuwa na nini?" Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu, muuza mchele au kijana wa bodaboda, lakini swali halibadiliki. Linaonekana jepesi. Unafungua kompyuta, unatafuta bei ya zamani, unatafuta bei ya leo, unagawanya. Ndivyo nilivyofanya mimi, na ndivyo nilivyokaribia kumwozesha binti wa watu kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Nieleze taratibu.

Kuna benki moja ya huku kwetu kanda ya ziwa ambayo sitaitaja jina. Tuiite Benki ya Kanda. Zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi, iliuza hisa kwa wananchi. Maofisa wake walizunguka na gari lenye spika mpaka kijiji cha Sapiwi, msimu ambao pamba ilikuwa imelipa vizuri. Mzee Ngusa alikuwa na fungu lake la pesa za pamba, na mdogo wake Jilala alikuwa na fungu linalolingana, kwa sababu walilima shamba moja na kugawana. Jilala akanunua mitamba mitatu. Ngusa akanunua hisa.

Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walikuwa na ubishi mmoja tu duniani. Asubuhi Jilala akipitisha ng'ombe mbele ya boma la kaka yake, anaita kwa sauti: "Kaka, za kwako zimelala au zimeamka?" Ngusa anajibu kutoka ndani: "Za kwangu hazinyi barabarani!" Waliuzeekea ubishi huo.

Mimi niliingia kwa sababu ya Malimi, mtoto wa Ngusa. Malimi ni fundi wa kuchomelea hapa mjini, kijana mpole, vidole vyote vina alama za moto. Alikuwa amempata Holo, binti wa mfanyabiashara wa mchele wa Nyashimo. Baba yake Holo, Mzee Mabula, alikuwa ametaja mahari ya ng'ombe kumi na wawili na kutaka wafike kabla ya msimu wa kulima. Ngusa alikuwa na ng'ombe watano tu. Na pale Nyashimo kulikuwa na bwana mwenye mashine ya kukoboa, aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuwa hakosi kupita kwa Mzee Mabula kusalimia, kila mara ana kitu mkononi.

"Leo kapeleka sukari," Malimi aliniambia, amesimama mbele ya meza yangu, kofia yake ya kazini mkononi. "Dada Kabula, mtu anayepeleka sukari wiki mbili mfululizo anataka nini?"

"Labda anapenda chai."

"Usinichekeshe, dada. Twende ukamwambie mzee zile hisa zina thamani gani, auze, tumalize."

Akanipakia kwenye pikipiki mpaka Sapiwi. Tukamkuta Mzee Ngusa na Jilala wote wapo, na Mama Malimi, mama yake kijana, anapepeta choroko.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu Mzee Ngusa kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akajibu, yaani mama. "Mhola?"

"Mhola."

Jilala hakungoja hata nikae. "Huyu ndiye mganga wa makaratasi? Mayu, fungua hilo sanduku lako utuambie ng'ombe wa benki wamefikia wangapi."

Nikafungua kompyuta. Nilikuwa nimejiandaa, maana nilipenda sana kuonekana nimejiandaa. Nilikuwa na mchoro wa bei ya Benki ya Kanda tangu siku ya kwanza: mstari unapanda kidogo, unaporomoka ile miaka ambayo mikopo mibaya iliikaba benki, unalala chini muda mrefu kama mgonjwa, kisha unainuka. Upande wa pili nikamhoji Jilala palepale kuhusu mitamba yake, naye alinitajia kila kitu bila kuombwa mara mbili: ndama waliozaliwa, maziwa waliyokunywa na kuuza, madume waliolima, waliokufa kwa ukame, waliouzwa kulipia hospitali, waliokwenda kwenye mahari ya wanawe.

Nikatoa hukumu. Hisa za Ngusa kwa bei ya siku ile zilikuwa sawa na ng'ombe saba hivi wa mnadani. Uzao wa mitamba ya Jilala, ukijumlisha walio hai na walioondoka, ulizipita mbali sana. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha chuo, kwamba kihistoria uwekezaji ule ulikuwa na mapato hafifu.

"Hafifu maana yake nini?" Ngusa aliuliza.

"Maana yake zimelala!" Jilala alijibu badala yangu, akapiga mapaja. "Nimesema miaka yote! Msomi kathibitisha! Kaka, sasa nisikilize, mimi ni ndugu yako. Nipe hayo makaratasi, nikupe ng'ombe wanane. Msomi kasema saba, mimi nakupa wanane. Mwanao aoe."

Malimi akaniangalia kama mtu aliyeona daraja. Watano na wanane ni kumi na watatu. Mahari imetimia na mmoja anabaki. Ngusa akainamisha kichwa. Sikumwona amekasirika, ila alionekana mdogo kuliko alivyokuwa tulipofika.

"Haya," akasema.

"Na vyote vilivyo nyuma yake," Jilala akaongeza. "Kama mtu anaponunua ng'ombe mwenye mimba. Kilichomo tumboni ni changu."

Nikacheka, nikamwambia hisa haina tumbo. Nikawaeleza kwamba hisa za sokoni hazihamishwi kwa kupeana mikono, lazima zipite kwa dalali. Nitaandaa fomu, na siku ng'ombe watakapohamia kwa Ngusa, wote wawili waje mjini watie sahihi. Wakakubaliana. Mama Malimi aliendelea kupepeta, lakini choroko zikawa zinaruka mbali kuliko mwanzo.

Sasa nyie mnaosoma, simamisheni hapa mnijibu: nilikosea wapi? Msiangalie chini. Hata mimi sikujua mpaka nilipompigia simu bosi wangu wa Mwanza, Bwana Fideli, kujisifu kwamba nimesuluhisha ubishi wa ukoo mzima kwa mchoro mmoja. Bwana Fideli ni mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa Jilala umehesabu ndama?"

"Ndiyo."

"Na maziwa?"

"Na maziwa, na kulima, na mbolea."

"Kwa Ngusa umehesabu nini?"

"Bei ya zamani na bei ya leo."

Akakohoa. "Kwa hiyo Jilala umemhesabia ng'ombe mzima, Ngusa umemhesabia ngozi. Gawio umelipeleka wapi, Kabula?"

Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mbegu. Nikasimama. Gawio, kwa mliolala darasani, ni ile sehemu ya faida ambayo benki inawagawia wenye hisa. Benki ya Kanda ilikaa miaka kadhaa bila kutoa kitu, ile miaka ya mgonjwa, lakini kabla ya hapo ilikuwa ikitoa, na baada ya kupona ikatoa tena, tena kwa mkono mkubwa. Mchoro wa bei hauonyeshi hilo hata kidogo. Tena gawio likitoka, mara nyingi bei inashuka kidogo kwa sababu pesa imetoka ndani. Kwa hiyo anayeangalia bei peke yake anaona hasara palepale mwenye hisa anapolipwa.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: Mzee Ngusa alikuwa amelipwa gawio la miaka yote hiyo, akalila, akalisahau? Kama ndivyo, basi angalau nirekebishe hukumu. Kesho yake nikarudi Sapiwi peke yangu, nauli yangu mwenyewe.

"Baba," nikamuuliza, "gawio la benki huwa unapokelea wapi?"

"Gawio ndiyo nini?"

"Pesa wanayokupa kila mwaka wakipata faida."

"Aa, maziwa!" Akatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Maziwa si ya anayechunga, mayu? Mimi nimewaachia."

Nikadhani sikusikia vizuri. Hapa niwaeleze wale ambao wamekulia mjini. Kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote boma moja. Ukame ukipiga upande huu, au ugonjwa, atabaki na nini? Baadhi anawapeleka kwa rafiki kijiji kingine awachunge. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Maziwa na mbolea ni vya anayechunga. Huo ndio mshahara wake. Mwenye ng'ombe anayekwenda kwa rafiki yake kudai maziwa anaonekana mtu wa ajabu, mchoyo, na habari zake zitafika mnadani kabla yake.

Ngusa alikuwa ameinunua Benki ya Kanda kwa desturi hiyo hiyo. Pesa yake kaipeleka kwa mchungaji wa mbali. Yule karani wa gari la spika alipomuuliza gawio liingizwe akaunti gani, Ngusa alimwambia, "Maziwa kunyweni ninyi. Mimi nitakuja kuwaona ng'ombe." Karani akacheka, akaacha sehemu ile wazi, akapiga muhuri.

"Na ulikwenda kuwaona?" nikauliza.

"Kila nikienda Mwanza napita. Nasimama ng'ambo ya barabara, naliangalia jengo. Naona limepakwa rangi, watu wanaingia. Najua wapo hai. Narudi."

Nikampigia Bwana Fideli, yeye akawapigia wanaotunza kumbukumbu za wanahisa wa benki, na jibu likarudi siku iliyofuata, likifuatana na kikohozi. Gawio lote la Ngusa lilikuwapo, halijadaiwa. La miaka ya zamani kabisa lingechukua mlolongo mrefu. La miaka ya karibuni, ambalo ndilo kubwa, lingeweza kutoka upesi akijaza namba ya akaunti. Nikapiga hesabu kwenye kifuko cha mbegu. Lile la upesi peke yake, baada ya kodi, lingenunua ng'ombe watano.

Nilirudi Sapiwi nikipiga mluzi. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu Mzee Ngusa alikataa.

"Sichukui."

"Baba, ni yako!"

"Ni ya mchungaji. Mtu amekuchungia ng'ombe miaka yote, ukame umepita, magonjwa yamepita, hajapoteza hata mmoja, leo niende nikamwambie nirudishie maziwa? Mayu, wewe umesoma, lakini kwenu hamkufundishwa adabu?"

Malimi alikuwa karibu kulia. "Baba, ile ni benki! Haina watoto wa kunywesha!"

"Ina watu mle ndani. Nimewaona kwa macho yangu. Wengine wanene."

Sasa hapo digrii yangu ikanitoka yote. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikafikiri. Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kumwambia desturi yake ni ujinga, kwa sababu si ujinga. Ni mkataba mzuri kuliko mingi niliyoisoma chuoni. Alichokosea ni kitu kimoja tu: hakujua mchungaji huyu anakunywa saa ngapi.

"Baba," nikasema, "wale watu wa benki wanalipwa mshahara kila mwezi. Unatoka wapi?"

"Serikalini?"

"Hapana. Unatoka kwenye maziwa ya ng'ombe wako na wa wenzako. Wanakamua kwanza, wanakunywa. Wanalipa umeme, walinzi, ile rangi uliyoiona. Wanalipa kodi. Wanatenga mengine kwa ajili ya kiangazi. Wakishamaliza wote, wameshiba, ndipo wanaita mkutano wanasema: yamebaki haya, ni ya mwenye ng'ombe. Ukiyaacha hayanywi mtu. Yanaganda kwenye kibuyu."

Mama Malimi akaweka ungo chini.

"Baba Malimi, umesikia? Wamekunywa, wameshiba, na sisi tumekula mlenda mkavu miaka yote kwa ajili ya adabu yako."

"Nyamaza kwanza, mama." Ngusa akanigeukia. "Hao wachungaji wanakunywa kiasi gani kabla hawajabakiza?"

Niambieni, katika miaka yenu yote ya chuo, nani aliwahi kuuliza swali zuri kama hilo? Nikatafuta taarifa ya hesabu za mwaka kwenye simu, nikamwonyesha: mapato haya, matumizi haya. Akasema wanakunywa sana. Nikasema hata mimi naona hivyo, lakini wamepunguza. Akasema basi atachukua yaliyobaki, na waambiwe wapunguze tena. Nikajaza namba yake ya akaunti mbele ya mashahidi, kabla hajageuka.

Niwakatishe kidogo hapa, maana najua tayari mnataka kukimbia vijijini na hadithi ya Ngusa kama tangazo. Msithubutu. Pale Migato yuko mama mmoja aliyenunua hisa za benki nyingine ndogo, miaka ileile, kwa pesa ileile ya jasho. Benki hiyo ilifungwa. Haimo kwenye mchoro wowote, kwa sababu walio kwenye mchoro ni wale waliobaki hai. Ukimwonyesha mtu benki iliyopona ukaacha iliyokufa, umefanya kama Jilala anapohesabu ng'ombe wake jioni: waliokufa kwa ukame hawaitwi majina. Na muwe macho na mwaka wa kuanzia. Ngusa alinunua siku ya kwanza, kwa bei ya chini. Aliyenunua mwaka ambao kila mtu alikuwa anaisifia Benki ya Kanda alingoja muda mrefu mno kurudisha pesa yake, na shilingi iliporudi ilikuwa imekonda. Mtu akiniambia hisa fulani "kihistoria" ilifanya hivi, mimi humuuliza maswali matatu: kuanzia lini, pamoja na nini, na wenzake waliokufa wako wapi. Wengi huniaga hapohapo.

Turudi Sapiwi. Jilala alikuwa hajawahamisha wale wanane. Mwenyewe alisema anawatafutia siku nzuri. Ukweli, kila mtu alijua, alikuwa bado anachagua waliochoka. Habari za maziwa zilipomfikia akaja mbio, fimbo mkononi, akaniangalia mimi kwanza.

"Mganga! Si ulisema hisa haina tumbo?"

"Nilikosea, baba."

"Basi kilichomo tumboni ni changu! Tulikubaliana. Vyote vilivyo nyuma yake!"

Kila mtu akageuka kumwangalia Ngusa. Neno ni neno huku kwetu, na Jilala alikuwa na mashahidi: mimi mmojawapo. Malimi alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Jilala," Ngusa akasema polepole, "wale wanane wamevuka mlango wa boma lako?"

"Kesho wanavuka."

"Nimekuuliza leo."

Ng'ombe ambaye hajavuka mlango wa boma ni wa boma lile, na biashara yake haijafungwa. Hiyo pia ni desturi, na hakuna anayeijua kuliko mtu aliyebadilishana ng'ombe maisha yake yote.

"Hawajavuka," Jilala akasema.

"Kwa nini hawajavuka?" Mama Malimi akauliza, sauti yake tamu kama asali. "Si ulikuwa unatafuta aliyebakiwa na meno mawili, shemeji?"

Jilala akaondoka bila kuaga. Jioni ng'ombe wake walipita njia nyingine. Kesho yake pia. Ngusa alikuwa anakaa mlangoni anangoja kutukanwa, hatukanwi, na chakula hakikushuka. Malimi aliniambia baba yake alitaka hata kumpelekea mdogo wake nusu ya pesa. Mimi nami nilikuwa nimeketi nikipiga hesabu upya, safari hii ng'ombe mzima kwa ng'ombe mzima. Mtashangaa: bado Jilala alikuwa mbele. Si mbali kama nilivyosema mwanzo, lakini mbele. Nikaenda kumwambia Ngusa ukweli huo, nikijua haumfurahishi.

Akafurahi mno! Akanituma mimi na kompyuta yangu kwa Jilala. "Nenda umwambie ameshinda. Lakini mwambie pia ameshinda kidogo."

Jilala alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, anakamua. Nilipofika kwenye "kidogo" mabega yake yakatikisika. Nikadhani analia.

"Kidogo!" akasema, anacheka, maziwa yanamwagika pembeni. "Na wanangu wawili waliochunga hawakumaliza shule, wa kwake ni fundi. Hiyo umeiweka wapi, mganga?"

"Sijaiweka, baba. Sijui inaandikwaje."

"Basi usiiweke. Kaka akiijua hatanyamaza."

Pesa iliingia. Mnadani wakanunuliwa ng'ombe watano, wakaungana na watano wa nyumbani. Walipungua wawili. Asubuhi ya safari, Fuso imeshawasha injini, Jilala akatokea barabarani na ndama jike wawili wazuri, wenye afya, wa kuangaliwa.

"Mimi ni baba mdogo wa bwana harusi," akasema, kama kuna mtu aliyembishia. "Nitaendaje mikono mitupu?"

Nyashimo walitupokea vizuri, ila Mzee Mabula ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapokei mzigo bila kuukagua. Akazunguka zizi, akashika mikia, akatazama meno. Akasimama mbele ya wale watano wa mnadani.

"Hawa wametoka wapi?"

Ngusa akanyoosha mgongo. "Hao wametoka benki."

Mzee Mabula akawaangalia tena, polepole, kutoka pembe hadi kwato. "Mbona wa benki wamekonda?"

Jilala alicheka mpaka akashika gurudumu la Fuso asianguke. Akacheka Ngusa, wakacheka watu wa Nyashimo bila kujua wanacheka nini, na Holo akachungulia dirishani kuona kama wakwe zake wana akili timamu. Ng'ombe wote kumi na wawili wakapokelewa. Yule bwana wa mashine alikuwapo pia. Alikuwa amealikwa kwa heshima. Alikula, akampongeza Malimi kiungwana, na alikuwa wa kwanza kuondoka.

Baada ya chakula Mzee Mabula akanivuta pembeni, sahani yangu mkononi.

"Mayu, hiyo benki bado inauza?"

"Sokoni zipo, baba. Kila siku ya kazi."

"Nikinunua leo, itanitendea kama ilivyomtendea mkwe mwenzangu?"

Nyuma yetu wale ndugu wawili walikuwa wameanza upya kubishana, kidogo ni kiasi gani. Nilikuwa nataka kamisheni ile. Nilikuwa nimetumia nauli nyingi kwa ajili ya ukoo huu.

"Sijui," nikamwambia.

Akanitazama muda, jinsi alivyowatazama ng'ombe.

"Kaa chini," akasema, akavuta kiti. "Tuanze na usichokijua."